Jino la Bi Moza

Meno yangu yamebaki machache, na yale mengine yametawanyika kuzunguka ziwa lote. Moja liling'olewa Kigongo, enzi za kivuko, na jamaa mmoja mwenye plaizi aliyekuwa akitafuta riziki pale abiria wanaposubiri. Jingine liko Magu. Nilikuwa navuna mpunga wa watu, likanivimbisha shavu, mwenye shamba akalitoa mwenyewe kwa uzi wa nailoni huku mke wake amenishika kichwa. Mengine sikumbuki vizuri yalitokea wapi: kisiwani, mgodini, kwenye kambi za dagaa. Jino likitoka unalitema, unasukutua kwa maji ya chumvi, safari inaendelea. Sikuwahi kuwaza kwamba jino ni kitu ambacho mtu anaweza kurudi kukidai, mpaka nilipofanya kazi kwa Daktari Felicitas nikamfahamu Bi Moza wa Igoma.

Daktari Felicitas ni Mhaya, mtoto wa wakulima wa kahawa, amesoma mpaka akavuka bahari akarudi. Alikuwa na chumba chake nyuma ya kliniki moja ya meno hapa Mwanza, chumba kirefu chembamba kinachonuka karafuu. Humo alikuwa akijaribu gundi. Si gundi ya viatu. Ni ile ambayo daktari anaipaka ndani ya jino lililotoboka kabla ya kuliziba, ili dawa ya kuziba ishike. Alinieleza siku aliyoniajiri, taratibu, kama mtu anayemweleza baba yake. Gundi nzuri zipo, alisema, lakini zinataka taa maalumu ya kuzikausha, na taa inataka umeme. Nenda zahanati ya kisiwani uone kama kuna taa. Ndiyo maana mtu wa kisiwani jino lake likitoboka kidogo tu, dawa ni kung'oa. Yeye alikuwa anatafuta gundi inayojikausha yenyewe, itakayodumu mdomoni mwa mtu anayekunywa chai ya moto akashushia maji ya mtungini. Alikuwa ameshajaribu nyingi. Zote ziliachia.

Kuijaribu gundi kuna mateso yake. Kwanza upate jino la mtu, jino zima, lililotolewa kwa sababu fizi imelegea na si kwa sababu limeoza. Unalisimamisha ndani ya kibonge cha plastiki ya pinki, ile wanayotengenezea fizi za meno ya bandia, kichwa chake kikiwa nje. Kichwa unakisaga mpaka kiwe bapa. Unapaka gundi, juu yake unabandika kipande cha dawa ya kuziba kama kifungo cha shati. Kisha unalitia kwenye maji ya moto, unalitoa, unalitia kwenye maji ya baridi, unalirudisha kwenye ya moto, maelfu ya mara, ili kwa majuma machache lipate tabu ambayo mdomoni lingeipata kwa miaka. Mwisho linafungwa kwenye mashine, kifungo kinavutwa polepole, na mashine inaonyesha gundi imeachia kwa nguvu gani.

Huko kwa wenzetu kuna mtambo wa kutia na kutoa. Hapa mtambo nilikuwa mimi. Nilikuwa na kikapu cha waya, mabeseni mawili na saa ya ukutani. Mshale ukifika pale, nyanyua. Ukifika pale, rudisha. Umeme ukikatika nilikuwa nawasha jiko la gesi nalinda maji ya moto yasipoe, na yakipoa, Daktari alikuwa anasema tuanze upya. Mtu niliyelizunguka ziwa kwa miguu na kwa boti, uzeeni nikapewa safari ya kutoka beseni hili kwenda beseni lile. Sikulalamika. Magoti yalikuwa yamechoka, na pale nilipewa kiti na redio.

Bi Moza alikuja kliniki kwa gego la chini lililokuwa likicheza. Alikuwa mwanamke mwembamba, mzee kama mimi au kunizidi kidogo, anatembea na fimbo, mguu mmoja anauburuta. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za mkono, zile zenye vitobo na maua, na watu walimfuata Igoma kutoka mbali kwa ajili ya kofia hizo. Gego lilitoka bila shida. Lilikuwa jino zuri, kubwa, halina hata doa. Daktari Felicitas alipoliona kwenye sinia macho yalimtoka, kwa sababu kundi lake la meno ya kujaribia lilikuwa limepungukiwa na moja tu, na bila hilo moja kazi haianzi.

Akamwomba. Bi Moza akakataa. Alieleza kwamba kwao, kitu kilichotoka mwilini kinarudi udongoni: kucha, nywele za kichwani, jino. Mama yake alimfundisha hivyo, na magego yake yote yaliyotangulia ameyafukia mwenyewe chini ya mlimao nyumbani kwake. Hakuwa na ugomvi na sayansi ya Daktari. Jino tu ndilo alikuwa analitaka.

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye. Akamweleza habari za visiwani, watoto wa shule wanaong'olewa meno ya mbele kwa tundu dogo kama punje ya ulezi. Bi Moza akasikiliza mpaka mwisho.

"Nikikupa utanirudishia?" akauliza.

"Nitakurudishia, mama. Nikimaliza tu."

"Lirudi kabla sijaenda mimi."

"Litarudi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji. Nilisikia ahadi yote, na nilisikia pia kile ambacho hakikusemwa. Daktari hakumwambia kwamba jino litasagwa, wala kwamba litabandikwa kitu kisichobanduka. Simlaumu sana. Kwake yeye jino ni jino, na labda alifikiri bibi wa watu atafika Igoma asahau.

Bi Moza alitoa uzi wa kijani kwenye mkoba wake wa kushonea, akaukata kwa meno yaliyobaki, akanipa mimi. "Funga huu kwenye langu, baba. Nisije nikarudishiwa jino la Msukuma wa Magu."

Nikaufunga kwenye kibonge chake. Kati ya vibonge vyote vya pinki kikapuni, chake ndicho kilikuwa na uzi.

Hakusahau. Kila alipoleta kofia mjini alipita kliniki. Kulikuwa na benchi nje ya dirisha la maabara, anakaa pale na sindano yake, mimi ndani na kikapu changu, tunaongea dirishani. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Ukerewe, lakini sijaishi kule tangu nikiwa kijana. Akauliza meno yangu nimeyaacha wapi, nikamhesabia niliyoyakumbuka. Alicheka mpaka akachoma kidole na sindano.

"Wewe Nestory," alisema, "siku ya kufufuliwa wenzako watakuwa wameshapanga foleni, wewe bado unapanda maboti kutafuta magego."

Nikamjibu kwamba nitakula uji. Akasema huko hakuna uji.

Siku nyingine alinishonea kofia. Nikamwambia mimi ni Mkatoliki, ingawa wa njiani. Akasema nivae tu, upara hauna dini. Ninayo mpaka leo.

Kila mara kabla ya kuondoka alikuwa ananiomba nimwonyeshe jino lake. Nilikuwa nakinyanyua kikapu mpaka dirishani, anautafuta uzi wake, anaitikia kwa kichwa, anaondoka. Mara moja alisogeza macho karibu zaidi. Akaniuliza mbona juu limekuwa bapa. Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia limesagwa kidogo ili ile dawa ikae. Akaangalia barabara.

"Na huo unga wake uko wapi?"

Nikageuka kutazama sinki, maana unga ulikwenda na maji. Akaelewa.

"Basi," akasema, "hicho kilichobaki kisipotee."

Jioni ile ile nilimwambia Daktari. Nilimweleza kwamba mama wa watu ameona, na ameumia, heri tukitoe kibonge chake tumrudishie. Daktari aliacha kuandika. Alisema ataongea naye mwenyewe, atamweleza vizuri, lakini kulitoa sasa ni kulivunja kundi lote, na meno mengine kama hayo atayapata wapi. Alikuwa anatakiwa kuipeleka kazi hiyo kwenye mkutano wa wenzake Dar es Salaam. Zikipita siku chache tutamaliza, akasema. Zikapita, umeme ukakatika, maji yakapoa, tukaanza upya. Sikukuu ya Idi ikaingia. Daktari akasafiri kwenda Bukoba kwenye msiba wa shangazi yake, akarudi. Yale maongezi na Bi Moza hayakufanyika. Nadhani aliona haya, na mtu akiona haya hujipa shughuli.

Kisha benchi likawa tupu. Nilisikia kwa mwenye duka la kofia, yule wa mjini aliyekuwa akipelekewa na Bi Moza, kwamba ameanguka kwa presha, yupo ndani kwake hatoki. Nikamwambia Daktari tena. Alikuwa amevaa glavu, ana jino jingine mkononi.

"Wiki ijayo, mzee," alisema. "Wiki ijayo nalipeleka mwenyewe mpaka Igoma."

Uzi wa kijani ulikuwa umeshachuja kwa maji ya moto, umebaki mweupe.

Rahim alikuja saa tano na nusu, mimi nimetoka kufungua dirisha kupunguza joto. Sikuwa namjua kwa sura, lakini mikono yake ilikuwa na alama za cheche, mikono ya fundi wa kuchomelea, nikajua ndiye yule ambaye Bi Moza alikuwa akimtaja: mwanangu wa mwisho, wa mageti. Pikipiki iliyomleta ilikuwa inamsubiri nje, haijazimwa. Akaniamkia, nikaitika, akaulizia daktari Mhaya mwenye jino la mama yake. Daktari alikuwa nyuma yangu.

"Mama ametutoka alfajiri," Rahim alisema. "Tunazika baada ya Adhuhuri. Juzi aliniambia, Rahim, kabla hamjanifunga sanda, nenda kachukue jino langu kwa yule daktari."

Daktari Felicitas alishika ukingo wa meza. Hakuuliza habari za kundi, wala za mkutano. Hilo lazima niliseme kwa ajili yake. Aliniambia nikitoe kikapu, nikakitoa kwenye maji ya moto kabla mshale haujafika, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Akautafuta ule uzi mweupe. Akamwambia Rahim pole sana kaka, akamwomba akae kidogo kwenye benchi. Rahim akakaa palepale alipokuwa akikaa mama yake.

Ndani, Daktari aliweka kibonge kiganjani akakitazama. Na mimi nikakitazama. Lilikuwa donge la plastiki ya pinki, katikati jino lililokatwa kichwa, na juu yake kile kifungo cha rangi ya manjano. Kilionekana kama kitu cha kuchezea watoto.

"Siwezi kumpa mtu hiki akamzike nacho mama yake," alisema kwa sauti ya chini.

Akaanza kufikiri kwa sauti, kama kawaida yake akiwa na haraka. Plastiki ya pinki ataikata kwa msumeno mdogo, hiyo haina shida. Shida ni kifungo. Akikisaga, atalisaga na jino tena, na unga mwingine utakwenda na maji. Njia safi ni mashine. Meno yote yaliyotangulia, ya gundi zote alizowahi kujaribu, kifungo kilitoka chenyewe kwenye kiungo, safi, jino likabaki zima. Avute kifungo, jino libaki jino, ndipo alitoe kwenye plastiki, alioshe, alifunge kwenye pamba. Alisema itachukua muda mfupi tu. Alitaka kumrudishia Bi Moza kitu kisafi kama alivyokipokea. Mimi sikuona ubaya wake. Mtu yeyote angefikiri hivyo.

Akakifunga kibonge kwenye taya la chini la mashine, kifungo akakishika kwa taya la juu. Akabonyeza. Mashine ile haina kelele, inavuta kama mtu anayefungua mlango asiamshe waliolala. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo. Nilizijua kwa kuziona mara nyingi: zinapanda, zinafika mahali, unasikia mlio mdogo kama mbegu ya kukaanga inayopasuka, kifungo kimetoka. Zikafika mahali hapo. Zikapita.

Daktari akasogea. Namba zikaendelea kupanda. Kwa muda wote niliomjua, kila alipokuwa mbele ya mashine ile midomo yake ilikuwa inacheza, na nilijua anasema neno gani: shika. Safari hii nilimsikia.

"Achia," alisema. "Achia basi."

Gundi haikuachia. Kilichopasuka ni jino.

Lilipasuka kwa mlio mkavu. Kipande kilinipiga kwenye shati. Nusu ya jino ilibaki kwenye plastiki, imechanika mpaka chini, na nyingine ilikuwa vipande juu ya meza na sakafuni. Daktari alisimama mikono yake hewani, kama aliyeshika kitu ambacho hakipo tena. Kisha akachukua kibano akaanza kuokota mezani, mimi nikapiga magoti nikaokota chini kwa kucha, nikimulika kwa tochi ya simu, chini ya meza, chini ya friji. Kigae cheupe, jino jeupe. Muda ulikwenda.

Nilipoinua kichwa Rahim alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. Daktari akamweleza kila kitu bila kuficha: jinsi lilivyosagwa, jinsi lilivyobandikwa, na kwamba aliogopa kumpa mama yake azikwe na plastiki isiyo ya mwili wake, ndiyo maana akataka kuitoa.

Rahim alivitazama vile vipande kwenye sahani.

"Mama ana chuma pajani," akasema. "Aligongwa na pikipiki, wakamtia chuma na skrubu. Shehe alisema haina neno, kimeshakuwa chake. Tunamzika nacho. Kwa hicho kidude nani angehangaika?"

Mimi nikakumbuka fimbo, na ule mguu wa kuburuta. Miezi yote ile nilifikiri ni uzee.

"Mngenipa hivyo hivyo," Rahim alisema. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Daktari alitaka kuitoa ile nusu iliyokwama kwenye plastiki, akachukua msumeno. Rahim akamwambia aache, yeye atalichukua hivyo hivyo na plastiki yake. Tukafunga vipande kwenye pamba, pamba kwenye leso yake. Wakati anavuka ua, watu walikuwa wameshaswali Adhuhuri, wanatoka msikiti wa jirani. Nikasikia pikipiki inaondoka kwa kasi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mwenye duka la kofia, aliyekuwepo mazishini. Kaka zake wakubwa walimsubiri. Sanda ilikuwa imeshafungwa, jua kali, watu wengi wameacha kazi zao. Jeneza likatoka. Rahim aliwakuta makaburini, udongo umeshafunika, watu wanashindilia kwa majembe. Alisimama pembeni na leso yake. Hakumwambia mtu chochote. Kufukua kaburi kwa ajili ya jino, nani angekubali kusikia? Alirudi nyumbani akaifukia leso chini ya mlimao, pamoja na magego ya zamani. Mama yake yuko makaburini, na lile jino la mwisho alilolingojea liko nyuma ya jiko.

Siku hiyo sisi tulibaki kule maabara. Jioni nilipoanza kusafisha mashine ndipo nikaona kwamba kifungo bado kimebanwa kwenye taya la juu. Tulikisahau kabisa. Nikakitoa. Upande wa chini kilikuwa kimeng'ang'ania ganda la jino, jeupe, jembamba kama ganda la yai, kubwa kuliko ukucha wangu wa kidole kidogo. Gundi ilikuwa imelishika, haikukubali kuliachia libaki na jino.

Nikamwonyesha Daktari. Alikitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama kioo cha mashine ambacho hakuna aliyekuwa amekifuta. Namba ilikuwa bado pale.

"Ndiyo hii?" nikamuuliza. "Gundi uliyokuwa unaitafuta?"

"Ndiyo hii."

Sikuwahi kuona mtu anapata kitu alichokisaka kwa miaka akakipokea kwa sura ile. Alibonyeza kitufe, namba ikafutika. Alisema haiwezi kuingia kwenye hesabu, kwa sababu jino lilitolewa majini kabla ya wakati wake. Labda ilikuwa kweli. Na meno mengine kikapuni, tulipoyamaliza baadaye, yalishika hivyo hivyo.

Alijaribu kulibandua lile ganda. Siku nzima alijaribu, kwa mvuke, kwa dawa, kwa kisu chembamba. Halikutoka. Akalitia kwenye kichupa akakiweka mezani pake, na kwa siku kadhaa nilimwona akikaa mbele yake bila kufanya kazi. Mwishowe alivua koti lake jeupe katikati ya asubuhi, akasema, "Mzee, twende Igoma."

Nilivaa kofia yangu.

Nyumba ya Bi Moza iko nyuma ya karakana za mageti, na Rahim tulimkuta na miwani yake myeusi anachomelea. Akazima, akatukaribisha, tukaletewa chai. Daktari akatoa pole tena, ile pole ya pili ambayo ni ngumu kuliko ya kwanza. Halafu akatoa kichupa.

"Hiki kilibaki kwenye mashine," alisema. "Nimejaribu kukibandua. Hakiachii."

Rahim akakimimina kiganjani, akakigeuza kwenye mwanga. Akakikwaruza kwa ukucha, kwa mazoea ya fundi anayetaka kujua kiungo kimefanywaje.

"Imeshika kweli kweli," akasema. "Itadumu udongoni?"

"Udongoni sijapima."

Rahim alitabasamu kidogo. Akasema mama yake angemcheka daktari kwa jibu hilo. Kisha tabasamu likaondoka, akakifumba kile kitu kiganjani.

"Ulikuja kuwa karibu naye kuliko sisi tulivyojua," akaniambia mimi, akiiangalia kofia. Na kwa Daktari akasema, bila kuinua macho, "Wewe ungeuliza tu, dada. Nilikuwa pale nje kwenye benchi."

Daktari akasema ndiyo.

Mlimao ulikuwa nyuma, karibu na ukuta wa jiko, mti mfupi mweusi kwa moshi. Rahim hakutualika tumfuate, nasi hatukumfuata. Kutoka barazani nilimwona anachutama, anafukua kwa bisibisi, anaweka, anafukia, anakanyaga. Aliporudi alinawa mikono kwenye bomba, akavaa miwani yake akarudi kwenye geti la mteja. Daktari hakuwa ameigusa chai yake. Akaona si adabu kuiacha, akaimeza yote kwa mara moja, imepoa.

Baadaye alikwenda Dar es Salaam na kazi yake, nasikia waliisifu. Kabla hajaondoka alilitazama gego langu moja lililotoboka, akaliziba kwa gundi ile ile. Aliniambia hilo nitakwenda nalo mpaka mwisho. Aliniomba pia nibaki kwa ajili ya kundi linalofuata. Nikashindwa. Nilikuwa kila nikinyanyua kikapu natazama dirishani.

Nikachukua mfuko wangu. Kigongo siku hizi watu wanapita juu ya daraja, hakuna anayesubiri kivuko, na mwenye plaizi sijui alikwenda wapi. Nilimwomba dereva anishushe. Nikateremka mpaka pale tulipokuwa tukikaa zamani, majani yameota, kokoto zimetapakaa mpaka majini. Nilizunguka pale nimeinama, mikono mgongoni, nikitazama chini kama mtu aliyeangusha ufunguo. Mama mmoja mwenye samaki akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia hamna kitu.